Sweta la Kompyuta

Kompyuta yetu ilikuwa inawashwa kabla ya kwenda kuteka maji. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumbani. Unabonyeza kitufe, unabeba ndoo, unateremka kisimani, unasalimiana na watu, unapandisha, unamimina maji kwenye pipa, na ukiingia sebuleni unaikuta bado inazungusha kile kiduara chake, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Hapo unaweza hata kuinjika maharage.

Ni kompyuta ya mezani, ya zamani, ya ofisini. Baba aliinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa anahama Kasulu na hakutaka kusafiri nayo. Lakini mama ndiye aliyeipa kazi. Watu wa mtaani kwetu na wa kule Heru Juu walimletea ratiba za harusi, za ubatizo na za misiba. Yeye anachapa, printa inatoa, wanaondoka nazo. Walimwita Mama Kompyuta, naye alijifanya hasikii vizuri ili waite tena.

Ilikuwa na sweta. Hili nalitaja mapema kwa sababu wageni wakiingia ndicho kitu cha kwanza walichouliza. Bibi yangu, mama yake mama, anaishi Kibondo. Alitoka Burundi akiwa msichana, akazeekea huku, na cheti chake cha uraia kiko ukutani kwenye fremu, juu kuliko picha za wajukuu wote. Kila anayezaliwa au kuletwa katika ukoo wetu, bibi anamfumia sweta, maana huku milimani asubuhi baridi haina utani. Kompyuta ilipofika nyumbani, hakuona kwa nini yenyewe iachwe. Akaja na kamba akalipima lile boksi la chuma tunaloliita sipiyu, akarudi kwao, na safari iliyofuata akaja na sweta jekundu la sufu lenye kola nyeupe, tundu moja la kitufe cha kuwashia, na mpasuko nyuma wa kupitishia nyaya. Lilikaa sawasawa, halikubana wala kupwaya. Kila akija kututembelea, kabla hata hajakaa anauliza, "Mtoto kavaa?" Tunajibu kavaa.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu ambayo aliijua mama peke yake. Mimi ni mtu wa aibu. Wapo wanaosema wana aibu huku wanaongea. Mimi nikiulizwa jina langu mbele ya watu naangalia viatu. Sasa, ratiba ya harusi ina maneno, siyo saa tu. Kuna maneno ya kumkabidhi binti, ya kumkaribisha mkwe, ya kuwashukuru waliochangia. Watu walikuwa wanaleta karatasi imeandikwa "neno la wazazi", basi, neno lenyewe hakuna. Mama amechoka, ananiambia, "Hebu niwekee hapo kitu cha maana." Naweka. Jumamosi mshereheshaji anasimama na kipaza sauti, anasoma sentensi yangu mbele ya ukumbi mzima, kina mama wanapiga vigelegele, na mimi niko nyuma kabisa nimeshika sahani ya pilau. Shuleni niko kidato cha tatu na kuna walimu hawajawahi kusikia sauti yangu. Ukumbini wameisikia wengi bila kujua ni ya nani.

Mwaka huu kiangazi kilipoanza, ile kompyuta ikazidi. Ikawa inaganda katikati ya kazi. Unaandika "Bwana na Bibi", na huyo Bibi anatokea kwenye kioo wewe umeshakata tamaa. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa ya msiba wa mzee mmoja jirani. Familia ilileta ratiba asubuhi. Mama akachapa, ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Karatasi zilipotoka kwenye printa, watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wananawa mikono wale. Mama alizipeleka hivyo hivyo, akazigawa kwa waombolezaji wenye tonge mkononi. Mwombolezaji mmoja aliisoma yake yote, mpaka kwenye mazishi, akasema, "Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa."

Kuanzia hapo, mama akipita sokoni anatupiwa maneno.

"Mama Kompyuta, binti yangu anaolewa mwezi ujao. Nilete ratiba leo au nimeshachelewa?"

Mwingine anadakia kutoka kwenye meza ya dagaa, "Mpelekee tu! Ya harusi utaipata kwenye ubatizo wa mtoto!"

Mama alicheka nao. Akifika nyumbani anakaa kwenye kigoda cha jikoni na kapu lake, halifungui.

Siku moja baba naye akazisikia kejeli hizo. Kesho yake alichonga kigingi.

Nieleze hicho kigingi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, yuko Kibondo na bibi, na ana banda la kuonyesha mpira na filamu. Aliwahi kusema, "Shemeji, siku hiyo mashine ikiwashinda nipeni mimi, nitawaletea mbuzi." Tulicheka wakati huo. Sasa baba kakaa uani na panga, anachonga kipande cha mkaratusi, anakitengenezea ncha, kisha akachukua jiwe akakipigilia chini karibu na banda la kuku.

"Cha nini hicho?" mama akauliza.

"Cha mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Wa mdogo wako. Nimempigia simu. Ijumaa anakuja na mama mkwe kwa ajili ya ile harusi ya Jumamosi, na mbuzi anakuja naye."

"Na ratiba ya hiyo harusi nitachapia nini? Kwenye kigingi?"

Baba alikitikisa kuona kama kimeshika. "Ratiba ikitoka Ijumaa, kompyuta inabaki. Ikiganda tena, mdogo wako anaondoka nayo. Mbuzi hagandi."

Harusi yenyewe ilikuwa ya binti wa mwenyekiti wa kwaya anayoimba mama, huko Heru Juu. Mwenyekiti alikuwa amekuja mwenyewe, akakaa kwenye kochi letu akanong'ona, "Wenzangu wananiambia niende stesheneri ya stendi. Nimekataa. Wewe ni mwenzangu. Usiniaibishe." Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Kama ile mashine ingeondoka, mama angebaki kuwa mama wa nani sijui, na mimi ningebaki na viatu vyangu vya kuangalia.

Siku iliyofuata shuleni nilinyoosha mkono. Najua kwa mtu mwingine hicho siyo kitu. Mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye kaletwa huku kutoka Mbeya na bado analalamika kwamba ugali wetu wa muhogo unamkaa tumboni, alisimama na chaki hewani. Jirani yangu wa dawati akasema kwa sauti, "Jamani, anaumwa huyu?" Darasa likaangua kicheko.

"Tulieni," mwalimu akasema. "Haya, binti. Uliza."

Nilikiuliza kiatu chake cha kulia. Nikasema kompyuta ya nyumbani ni nzito, inachelewa kuwaka, inaganda, nifanye nini. Hakucheka. Aliniambia kwamba kompyuta iliyokaa na watu wengi inajaziwa programu, na nyingi zinajiwasha zenyewe kila asubuhi kabla wewe hujaagiza kitu. "Ni kama wewe uamke, kabla hujanawa uso umeshabebeshwa magunia ya jirani zako wote. Utatembea?" Akachora ubaoni mahali pa kuzizima zisijiwashe. Akasema pia diski ikijaa pomoni mashine inakosa pa kugeukia, kwa hiyo nifute visivyohitajika, na nitoe vumbi. Niliandika yote. Hilo la vumbi sikulitilia maanani. Nilijua yetu ina sweta, vumbi litapitia wapi?

Jioni nikaanza. Nilikuta programu zinazojiwasha mpaka nikaona haya kwa niaba ya yule mtumishi wa serikali. Kulikuwa na ya printa ambayo hatujawahi kuiona. Ya simu ambayo hatuna. Antivirusi mbili zilizokwisha muda wake zamani, kila moja inaikagua nyingine. Nikazima, nikaondoa. Halafu nikaingia kwenye diski, na huko nikamkuta mjomba. Kila alipokuja alikuwa anaingiza filamu kutoka kwenye flashi yake "za akiba", na akiba ile ilikuwa imejaza nyumba nzima, picha zetu na ratiba za mama zimebanwa pembeni kama wageni wasio na kiti. Nilihamisha picha za ubatizo kwenye flashi kwanza. Kisha nikafuta filamu za mjomba. Zote. Kusema kweli nilisikia raha.

Nikaizima, nikaiwasha, nikainama kuchukua ndoo. Nilipoinuka ilikuwa imeshawaka! Nilisimama na ndoo tupu mkononi, sijui niende wapi. Nikamwita mama kwa sauti ambayo hata paka alishtuka.

"Mama! Njoo uone! Imewaka!"

Mama akaja anapangusa mikono. Akakaa, akaanza kuchapa ratiba. Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Wa pili, herufi zikaanza kuchelewa. Wa tatu, ikaganda. Mama alikaa kidogo na vidole juu ya kibodi, kisha akanishika bega. "Umejitahidi, mwanangu," akasema, akarudi jikoni. Ningeona afadhali angenigombeza.

Aliyenionyesha alikuwa paka.

Alhamisi nimetoka shule nikaiwasha tena, na safari hii sikuchapa, niliiangalia tu. Asubuhi nzima haikuwa imeguswa, ikawa nyepesi. Nikacheza na mausi, nikafungua faili, nikafunga. Nyepesi. Baada ya muda paka akaingia, akapanda mezani, akajiviringisha juu ya sipiyu kama kawaida yake. Akaanza kukoroma. Na muda si mrefu mausi ikaanza kuwa nzito. Nikamtazama yule paka. Yeye kwa ubaridi wa huku halali mahali ovyo. Analala kwenye jiko lililozimwa, kwenye mapaja ya bibi, na hapa. Nikajiuliza, hapa kuna nini?

Nikamsukuma, nikaingiza mkono chini ya sweta. Nikautoa haraka. Kile chuma kilikuwa cha moto kama kifuniko cha sufuria.

Nilichomoa waya ukutani, nikaivua sweta. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona uchi tangu bibi alipoivalisha. Ubavuni ilikuwa na matundu mengi ya kupumulia, yote yamezibwa na nyuzi nyekundu za sufu na vumbi letu la Kasulu, nalo jekundu, vikashikana kama udongo wa kukandikia. Nikailaza, nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu. Ndani sikuiona feni. Niliona kitu kama kiota: manyoya ya paka, majivu ya jikoni, vumbi, sufu. Sweta halikuzuia vumbi kuingia. Lilizuia lisitoke.

Nikaibeba kama mtoto mpaka uani, nikaiweka chini pembeni ya kile kigingi cha baba. Kiota nilikitoa kwa vidole na brashi ya viatu ambayo haijaguswa na dawa. Kisha nikachukua pampu ya baiskeli ya baba, nikaelekeza mdomo wake ndani huku nimeishika feni kwa kijiti isizunguke, nikaanza kupampu. Wingu jekundu lilipanda mpaka kuku wakakimbia. Nilipiga chafya, nikapampu, nikapiga chafya.

Mama akatokea mlangoni, akaona boksi limepasuliwa na binti yake mwekundu kuanzia nywele mpaka kope.

"Umeiua?"

"Bado," nikasema.

Nikaifunga, nikairudisha mezani bila sweta, nikaiwasha. Feni ilianza kuvuma, sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu. Mama akachapa ratiba yote mpaka neno la mwisho, akarudia akaisahihisha, akaweka maua kwenye kona. Haikuganda. Paka alipanda, akalala juu ya chuma, akaona pamepoa, akashuka na kuondoka amenuna. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Ratiba tukaiacha tayari. Kuichapisha ni kesho, mwenyekiti alikuwa hajathibitisha jina la mchungaji.

Kosa letu tulilifanya Ijumaa. Nasema letu, kwa sababu mama ndiye aliyetamka na mimi ndiye niliyenyamaza. Simu ililia kwamba bibi ameshashuka stendi. Mama akageuka akaiona kompyuta iko uchi, akashika kichwa. "Mvalishe haraka! Bibi yako akimkuta hivi atasema tumemdharau!" Nilijua kitakachotokea. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakarudi. Nikaivalisha.

Wakaingia. Bibi na fimbo yake, mjomba na mbuzi. Mbuzi kweli, mweupe mwenye madoa, akafungwa kwenye kigingi akaanza kulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Mtoto kavaa?"

"Kavaa," mama akajibu upesi.

Bibi akakaa. Mwenyekiti wa kwaya naye akafika, na jina la mchungaji, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Baba alisimama mlangoni. Mbele ya mama mkwe wake huwa anapungua sauti na urefu. Mama akaandika jina, akaamuru kuchapisha. Karatasi ya kwanza ikatoka. Ya pili. Kadhaa zikafuatana vizuri. Kisha printa ikapumua, ikanyamaza. Kwenye kioo kiduara kikaanza kuzunguka. Paka akaingia, akanusa, akapanda juu ya sweta akajiviringisha.

"Shemeji," mjomba akasema, "nitafute boksi la kufungashia?"

Mwenyekiti alifumba macho. Mama hakugeuka, niliona shingo yake tu. Nje mbuzi akalia.

Nikasimama. Niliangalia viatu vya bibi, ndala za bluu zenye vumbi la safari. Halafu, sijui nilipata wapi, nikamwangalia usoni.

"Bibi, naomba nimvue."

"Umvue nani?"

"Mtoto. Ana joto. Sweta lako ni zuri lakini hapumui. Jana nilimvua akafanya kazi vizuri, na leo tumemvalisha kwa sababu yako."

Mama alinitolea macho. Bibi akainuka taratibu kwa fimbo, akamfukuza paka, akaingiza mkono chini ya ile kola nyeupe, vile vile wanavyopima mtoto shingoni.

"Yoo!" akasema. "Huyu ana homa!" Akatugeukia wote. "Nani kamwacha mtoto wa homa na sweta la sufu? Nyie ni watu wazima?"

"Mama," mama akaanza, "si wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema avae kwenye baridi! Na wewe nilikuvalisha, ukitoka jasho nakuvua. Au uliolewa na sweta?"

Mjomba akacheka, bibi akamtazama, akaacha. Alilivua mwenyewe, kwa juu, polepole, asilishike vibaya sikio ambalo halikuwepo. Mama akaizima kabisa, tukasubiri. Bibi alipepea matundu yake kwa kanga, na mwenyekiti wa kwaya, mtu mzima na heshima zake, akasaidia upande wa pili. Chuma kilipopoa nikabonyeza kitufe mimi.

Ikawaka. Nikaagiza zilizobaki. Printa ikazitema moja baada ya nyingine, mpaka mwenyekiti akaruka kutoka kwenye kochi na kigelegele kilichomnyamazisha mbuzi. Mama akachukua lile rundo, bado lina joto, akalikumbatia.

"Hongera, shemeji," mjomba akasema kwa unyonge. "Basi filamu zangu nitazichukua kwenye flashi."

"Nimezifuta, mjomba," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Bibi alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Baba akakohoa, akauliza kwa adabu mbuzi sasa anarudije Kibondo. "Harudi," bibi akasema. "Ameshafika, aende harusini." Na baba hawezi kubishana na mama mkwe, wala mjomba na mama yake. Kwa hiyo Jumamosi, kule Heru Juu, mjomba alitangazwa kwenye kipaza sauti kuwa ametoa mbuzi, akapigiwa makofi, akapunga mkono kama ndiye aliyepanga.

Na ratiba ilikuwa mikononi mwa watu wote, kabla ya tukio la kwanza. Mshereheshaji alipofika kwenye neno la wazazi akasoma: "Tulimlea akiwa wetu, leo tunamkabidhi akiwa bado wetu. Mlango hatuufungi, tunaurudishia tu." Mama wa binti akajifuta machozi. Mama yangu akamnong'oneza bibi kitu. Nikajua ni kitu gani, nikataka kujificha chini ya meza, lakini bibi alikuwa ameshasimama na fimbo juu.

"Hayo maneno ni ya mjukuu wangu! Huyu hapa!"

Watu wakageuka. Wengi. Niliwaangalia. Sikuona kiatu hata kimoja.

Jumapili asubuhi baba aling'oa kigingi, akakiosha, akakipigilia ukutani kati ya matofali, juu ya kompyuta. Sweta linaning'inia hapo mashine ikiwa kazini. Ikizimwa na kupoa, inavalishwa, na anayeipima kwa mgongo wa mkono ni baba. Sokoni juzi mtu alimuuliza mama alete ratiba lini, mama akamjibu, "Ilete ukiwa njiani kwenda ukumbini."

Kabla ya kuondoka kurudi Kibondo, bibi alitoa kamba mfukoni, akaanza kuipima printa.

"Bibi," nikasema, "huyo mwache kwanza."

Akaikunja kamba yake. "Ego, sawa," akasema. "Naona siku hizi unaongea."

"Naongea," nikamjibu.